Mfuko tumboni usikufungie nyumbani

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini je, msomaji, kuna maradhi magumu kusimulia mezani kuliko yale yanayohusu choo? Leo tutayasimulia, kwa sababu kuna mzee mmoja wa Longisa, Bomet, aliyenusurika kukosa arusi ya binti yake kwa ajili ya haya.

Utumbo wake mpana ulijisokota. Madaktari wakakata sehemu iliyoharibika, wakaitoa ncha ya utumbo mzima nje ya tumbo, wakambandika mfuko wa kupokea choo. Akapona. Ila arusi ilikuwa Mombasa, na mzee akaapa kwamba haendi.

"Mwanangu," aliniambia, "nitaketije katika matatu hadi Nairobi? Na nikinuka mbele ya wakwe?"

Huenda nyumbani kwako yuko mtu kama huyu, anayesingizia kazi za shamba kila aalikwapo. Mwambie hivi: mfuko uliobandikwa vizuri haunuki. Harufu hutoka unapovuja au unapomwagwa, basi. Kati ya wale watalii washukao melini Kilindini, usidhani hakuna mwenye mfuko chini ya shati lake. Wenzetu hao huzunguka dunia nao.

Siri ni matayarisho. Kwanza, chukua mifuko mara mbili ya ile unayotumia kwa siku hizo, na uipakate mwenyewe. Mzigo wa juu ya gari au wa chini ya ndege waweza kupotea. Usiiache penye jua kali, kwani joto huharibu gundi. Kata matundu yake nyumbani, maana mkasi waweza kuzuiliwa uwanja wa ndege. Omba barua ya daktari, na ukipekuliwa, omba upekuliwe faraghani.

Pili, chakula. Siku moja kabla, punguza maharagwe, kabichi na soda, maana hujaza gesi. Wali na ndizi mbivu hukifanya choo kiwe kizito. Usiache kunywa maji kwa kuogopa choo. Mwenye tundu la utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi upesi, hasa katika joto la Pwani au anapoharisha melini. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, humsaidia.

Tatu, njiani. Mwaga mfuko ufikapo theluthi, usingoje ujae. Kabla ya kupanda gari, mweleze kondakta kwa sauti ya chini kwamba utahitaji choo mkifika Narok. Hana haja ya kujua zaidi. Mkanda wa gari usilikandamize tundu, uteremshe mapajani. Kutoka Nairobi, treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ina vyoo. Mfuko uliotumika ufunge vizuri uutie katika pipa la taka, kamwe si chooni.

Na kuoga baharini je? Kidonda cha upasuaji kikishapona, ruksa. Mwaga mfuko kwanza, uvae nguo ya kuoga yenye kiuno kirefu.

Tahadhari moja. Tundu lenye afya huwa jekundu na lenye unyevu, kama ndani ya shavu. Likigeuka jeusi, au choo kikikatika huku tumbo likiuma na unatapika, vunja safari uende hospitali mara moja.

Lakini mzigo mkubwa si wa mgonjwa peke yake. Mifuko ni ghali, na wasioimudu hujifunga vitambaa na plastiki. Aila inayochangia arusi kwa maelfu yashindwaje kumchangia baba mifuko ya wiki moja? Na vijana, mzee akichelewa msalani, msimbishie mlango wala msicheke.

Mzee wangu alikwenda. Mwanawe wa kiume aliketi karibu naye njia nzima, begi la mifuko mapajani, na kila kituo alishuka wa kwanza kutafuta choo safi. Siku ya arusi mzee alisimama akamkabidhi binti yake mbele ya wakwe. Hakuna aliyejua lolote.

Wewe nawe, nani umemwacha nyumbani Jumapili ya leo?