Songea Idai Shamba Kabla ya Jengo

Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi hii. Mahindi ya Songea, Namtumbo na Mbinga huingia katika maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) na kupelekwa kwenye mikoa yenye upungufu, lakini sehemu kubwa ya maarifa ya kisayansi yanayotakiwa kuongoza kilimo hicho hutoka mbali, Uyole huko Mbeya au Morogoro. Linapozungumzwa suala la elimu ya juu katika mkoa, jambo la kwanza kuombwa huwa majengo: kumbi za mihadhara, mabweni, lango lenye jina la chuo. Sipingi majengo. Ninachosema ni kwamba Songea inapaswa kudai kwanza shamba la majaribio la chuo kikuu cha umma, shamba la kudumu, linalopimwa mwaka hadi mwaka katika udongo wa hapahapa. Sababu zimo katika historia yenyewe ya utafiti wa kilimo chuoni.

Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kilianza mwaka 1965 kama Chuo cha Kilimo Morogoro, kikitoa stashahada. Wakati huo Mtanzania aliyetaka shahada ya kilimo alikwenda Makerere, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiligawa fani kati ya Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Chuo hicho kilipovunjwa mwaka 1970, Morogoro ikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Misitu ikaongezwa mwaka 1974, tiba ya mifugo mwaka 1976, na tarehe 1 Julai 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikibeba jina la Edward Moringe Sokoine aliyefariki Aprili 12 mwaka huohuo. Katika safari yote hiyo wajibu wa kwanza ulikuwa kufundisha wataalamu, na taifa changa lilikuwa na haki ya kuutanguliza. Lakini utafiti ulikuwa umeshapata nyumba nyingine: Wajerumani waliuweka Amani mwaka 1902, Waingereza wakaupeleka Lyamungu kwa ajili ya kahawa na Ukiriguru kwa ajili ya pamba, na baada ya uhuru ukabaki mikononi mwa wizara na mashirika yake hadi Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Marekani walichagua njia nyingine. Sheria ya Hatch ya mwaka 1887 iligharimia vituo vya majaribio vilivyowekwa chini ya vyuo vya kilimo vya majimbo, hivyo mwalimu na shamba wakawa na bajeti moja. Kwetu mwalimu alikaa wizara moja, shamba likakaa nyingine. Mhadhiri aliyetaka kufanya utafiti mkubwa alilazimika kutafuta mfadhili, na mfadhili huja na mradi wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

Miradi hiyo haikuwa ya bure. Utafiti wa maharage uliofanywa Morogoro kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington ulizaa mbegu ya SUA 90. Ila mfano unaotuhusu zaidi uko Mbinga, katika milima ya Wamatengo. Huko wakulima hulima kwa ngoro. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwenye mteremko mfano wa wavu wa miraba, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukia zile nyasi, hata shamba zima likawa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maji ya mvua hutua shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zilizofukiwa huoza na kurutubisha. Maharage hupandwa juu ya matuta mvua zikielekea kwisha, mahindi hufuata msimu unaokuja. Mwaka 1938 Mwingereza A. H. Pike aliuandika utaratibu huu kwa heshima katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Pamoja na hayo, katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru wa milima ya Uluguru, Morogoro, kuchimba matuta yaliyobuniwa ofisini, na mwaka 1955 yakazuka machafuko yaliyomwaga damu. Chini ya milima hiyohiyo ya Uluguru ndipo chuo cha Morogoro kilipofunguliwa miaka 10 baadaye. Sijui funzo lililo karibu zaidi na darasa kuliko hilo. Lilizaa matunda katika miaka ya 1990, pale watafiti wa SUA na wa Chuo Kikuu cha Kyoto, wakisaidiwa na Japani kupitia shirika lake la JICA, walipokwenda Umatengoni kujifunza ngoro kwa wenyeji wenyewe. Kazi hiyo iliendelezwa kuanzia mwaka 1999 na kituo cha SUA cha maendeleo endelevu ya vijijini, na kijiji cha Kindimba kikapata mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, kwa sababu watafiti walianza na mahitaji ya wanakijiji.

Hapa ndipo ninapoona pengo. Makala ya Pike na ujio wa watafiti wa SUA vimetenganishwa na zaidi ya nusu karne. Katika muda huo watu waliongezeka, kahawa ikatwaa sehemu ya ardhi, muda wa kupumzisha mashamba ukafupika. Je, rutuba ya ngoro imeshuka kwa kiasi gani, na ilianza kushuka lini? Swali kama hilo halijibiwi na mradi wa miaka mitano, hata ukiwa na wataalamu hodari. Udongo hubadilika polepole, mabadiliko ya mwaka mmoja hufichwa na mvua ya mwaka huo, na anayetaka kuyaona hana budi kupima mahali palepale kwa miongo. Chuo Kikuu cha Illinois kina shamba dogo liitwalo Morrow Plots lililoanzishwa mwaka 1876, na bado linalimwa. Walipojenga maktaba jirani yake katika miaka ya 1960, waliizamisha chini ya ardhi isitie mahindi kivuli. Shamba hilo limeonyesha jinsi mahindi yanayorudiwa kila mwaka bila kurutubisha yanavyozidi kupungua, na jinsi kubadilisha mazao kunavyoyaokoa. Mkulima wa Songea anayepanda mahindi juu ya mahindi, akitegemea mfuko wa mbolea ya kupandia na wa kukuzia, anastahili jibu kama hilo kutoka kwenye ardhi yake. Songea iko juu ya mita 1,000, na ina msimu mmoja mrefu wa mvua. Morogoro iko karibu nusu ya kimo hicho, na mvua zake zina vuli na masika. Matokeo ya kule hayawezi kuhamishiwa huku kwa barua.

Pingamizi la kwanza ni kwamba kazi hii ni ya TARI, na kwamba kituo chake cha Uyole kimekabidhiwa nyanda za juu kusini. Ni kweli, na upande wa kahawa kituo cha Ugano, Mbinga, chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania (TaCRI), kinashughulika na miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini kituo cha serikali hupimwa kwa mbegu na teknolojia inazotoa, na kina haki ya kufunga jaribio lisilozaa kitu cha kugawa. Chuo huingiza wanafunzi wapya kila mwaka. Mkondo huo wa vijana wenye haja ya takwimu za tasnifu ndio unaoweza kubeba daftari moja kwa miaka 50 kwa gharama ndogo. Hapahitajiwi jengo la ghorofa: zinatosha ekari chache, mtunza shamba mwenye ajira ya kudumu, kipimamvua, na fungu katika bajeti ya chuo lisilotegemea mfadhili. TARI na chuo wakilitumia kwa pamoja, ule mgawanyo wa zamani utaanza kuzibwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami nalikubali nusu. Husemwa kwamba mahindi ya Ruvuma hayakupandishwa na utafiti, bali na bei moja ya nchi nzima, mbolea ya ruzuku na barabara ya lami kutoka Makambako iliyokamilika katikati ya miaka ya 1980. Bila soko hakuna mbegu itakayomtajirisha mkulima, na ruzuku ilipoondolewa hatua kwa hatua katika miaka ya 1990 wengi waliumia. Hata hivyo historia hiyohiyo inaweza kusomwa kwa upande wa pili. Serikali imetumia fedha nyingi kwenye mbolea, ikaiondoa, ikairudisha, na kila mara mjadala umekuwa wa bei ya mfuko. Mfuko huo unafanya nini katika udongo mwekundu wenye tindikali baada ya misimu 20? Ni wakati gani chokaa ya kilimo ingemfaa mkulima kuliko mfuko wa pili? Mwenye kuamua kuhusu ruzuku anahitaji majibu hayo kabla ya kutia sahihi.

Shamba lenyewe lingeweza kuanza na vipande vinne: mahindi kila mwaka bila kitu, mahindi kwa mbolea ya dukani, mahindi yakipokezana na maharage, na cha nne chenye mteremko kilimwe ngoro na akina mama wa Umatengo, ambao ndio huchimba mashimo hayo, wakilipwa kama wataalamu. Saa zao za kazi ziandikwe katika daftari lilelile la mavuno, maana ngoro inayohifadhi udongo kwa kuumiza migongo ya wanawake bado haijapimwa kikamilifu.