AFYA YA NYUMBANI: Kipimo cha Mke si Cheti cha Mume

Mkulima wa kahawa wa Ruiru hangoji matunda yawe meusi ndipo akague shamba. Hupita mti kwa mti, maana ajua kwamba mti mmoja waweza kuugua na wa pili ukawa mzima. Lakini mkulima huyo huyo, mkewe arudipo kliniki ya wajawazito na kusema kwamba damu yake imeonekana safi, hudhani kuwa naye amekwisha kupimwa. Hilo ni kosa, tena ni kosa liharibulo nyumba.

Ushahidi u karibu. Kuanzia mwaka 2008, Thika ilikuwa miongoni mwa vituo tisa vya Kenya na Uganda vilivyochunguza wenzi ambao mmoja alikuwa na virusi vya UKIMWI na mwenziwe hakuwa navyo. Walipatikana jozi zaidi ya 4,700. Watu hao waliishi chumba kimoja, lakini damu zao hazikuwa moja. Ilionekana pia kwamba asiye na virusi akipewa vidonge vya kinga kila siku, hatari ya kuambukizwa hupungua kwa asilimia 67 au 75, kwa kadiri ya aina ya dawa. Lakini kinga hiyo hapewi mtu asiyepimwa, wala haizuii kaswende na kisonono.

Kaswende yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, na mama mjamzito asipotibiwa aweza kuzaa mtoto mfu. Hujulikana kwa kupima damu, na huponywa kwa sindano ya penisilini. Kisonono na klamidia hujulikana kwa kupima mkojo au ute. Mara nyingi mwanamke haoni dalili yo yote, huku uzazi wake ukiharibika. Akitibiwa peke yake, mume humrudishia ugonjwa ule ule, kisha dawa hulaumiwa bure.

Basi mume na afuatane na mkewe mpaka hospitali ya Ruiru au ya Thika, wapimwe wote wawili, na ugonjwa ukionekana watibiwe pamoja. Kupimwa si kukiri uzinzi, maana ugonjwa waweza kuwa wa tangu kabla ya ndoa. Aonaye haya na akumbuke neno la wazee: mficha uchi hazai.