Mliniuzia Transfoma, Mkanificha Waya

Wacha nianze na bei, kwa sababu nyinyi wauzaji huanza na sauti. Sh32,000. Hiyo ndiyo pesa niliyolipa mwaka jana kwa pawasaplai ya linia: sanduku la aluminiamu, zito kama mawe, taa ya buluu mbele, maandishi ya dhahabu. Kodi yangu ya miezi mitatu na chenji. Jamaa aliyeniuzia aliniambia, "Boss, intafesi yako ya maiki inakunywa stima chafu ya kompyuta. Ipe safi, utasikia mpaka msanii akimeza mate."

Mimi huhariri podikasti za watu na kurekodi washairi kwenye bedsita. Kila rekodi ilikuwa na mvumo chini yake, kama friji ya jirani. Mteja mmoja alikuwa amenirudishia kazi ya wiki mbili na kukataa kulipa. Kwa hivyo nilinunua. Nikaunga sanduku kwenye intafesi, nikavaa hedifoni, nikafunga macho kama mtu anayeombewa.

Mvumo ulikuwa palepale.

Siku tatu baadaye, kwa bahati tu, nilichomoa chaja ya laptopu ili nichajie simu kwenye hiyo soketi. Kimya. Nikairudisha, mvumo. Nikaichomoa tena, kimya. Jaribio hilo halina bei, linachukua sekunde kumi, na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kunitajia. Ningekuwa nauza masanduku pengine nami ningenyamaza, sijui. Lakini sitaki kuwa mpole hapa.

Tusidanganyane: pawasaplai ya linia si uchawi wala si utapeli. Transfoma inashusha volti 240 za ukutani, daraja la dayodi linazielekeza upande mmoja, kapasita zinalainisha mawimbi ya hezi 100 yanayobaki, kisha regyuleta inakata ziada na kuitupa kama joto. Ndiyo maana sanduku ni zito na moto. Regyuleta ikipokea volti 12 na kutoa 5 huku kifaa kinavuta ampea 3, wati 21 zinaishia kupasha chuma. Chaja ya kawaida hukatakata stima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Ni nyepesi, haipotezi sana, ila huacha kelele zake. Kwa preampu ya maiki, inayochukua milivolti chache na kuzikuza mara mia au zaidi, stima tulivu ina maana. Hapo tuko pamoja.

Tunapoachana ni pale mnapoiuza kwa kompyuta yenyewe. Msee, ndani ya hiyo kompyuta mna regyuleta nyingi za kukatakata stima, zikishusha volti 12 au 19 hadi karibu volti moja ya kulisha prosesa. Hata ukiilisha stima iliyochujwa mara saba, ikifika kwenye bodi inakatwakatwa upya. Ni sawa na kununua maji ya chupa ya bei ghali ukapikie githeri.

Halafu kuna waya. Hapa ndipo nakasirika zaidi.

Rafiki yangu wa Umoja alinunua sanduku la volti 5 kutoka kwa jamaa yuleyule, la kulisha Raspberry Pi 4 anayochezea muziki. Kioo cha sanduku kinaandika 5.0, anafurahi. Lakini kwenye skrini ya Pi, kila mzigo ukipanda, kinatokea kiradi kidogo cha manjano. Ile ni Pi ikilia njaa. Hulia volti zikishuka chini ya takriban 4.63. Muuzaji alimwambia Pi yake ni feki.

Hesabu ni ya kidato cha nne. Waya mwembamba wa shaba, ule wa milimita mraba 0.2, una karibu omu 0.085 kwa kila mita. Mita moja kwenda na mita moja kurudi, omu 0.17. Pitisha ampea 3, nusu volti inapotelea njiani. Sanduku lina 5.0, Pi inapata 4.5, na kioo cha sanduku hakidanganyi. Kinapima mahali pasipo na shida.

Dawa yake ni ya zamani na inaitwa kuhisi volteji kwa mbali. Waya zinakuwa nne. Mbili nene zinabeba mzigo. Mbili nyembamba zinaenda mpaka mlangoni pa kifaa kusoma volti tu, na kwa kuwa hazibebi mkondo wa maana, hazipotezi kitu. Regyuleta ikiona 4.5 kule mwisho, inapandisha upande wake mpaka kule mwisho iwe 5. Upimaji huu wa waya nne una jina la Kelvin, yuleyule wa kipimo cha joto. Niliushika kwa mikono yangu kwenye maabara mwaka wa pili, kabla karo haijanitoa chuo, na ni kati ya vitu vichache ambavyo sijajutia kuvikalia.

Tena una hatari zake. Waya wa kuhisi ukichomoka, regyuleta inadhani kifaa kina njaa na inazidi kupandisha mpaka inaunguza kitu. Kwa hivyo fundi anayejielewa huweka rezista ndogo pale kwenye sanduku, kati ya waya wa kuhisi na waya mkuu wake, ili sanduku lisipofuke kabisa. Pia husokota zile waya mbili pamoja zisidake kelele. Siku hizi naona matangazo ya masanduku "yenye kuhisi kwa mbali", bei imepaa tena. Niliuliza mmoja wenu kuhusu hiyo rezista. Alinitumia emoji ya kucheka.

Na kinachoniuma ni kwamba kitu chenyewe kimejaa kwenye takataka. Enda kwa wanaovunja CPU za ex-UK, shika ile plagi kubwa ya pini 24, angalia pini ya 13. Mara nyingi utakuta waya mwembamba wa kahawia umebanwa pamoja na wa machungwa. Huo ni waya wa kuhisi wa volti 3.3. Umekuwa kwenye kompyuta za ofisi miaka yote hii, bila maandishi ya dhahabu.

Rafiki yangu hakuhitaji hata hizo waya nne. Tulikata ule wa sanduku, tukaweka mfupi na mnene, sentimita ishirini. Kiradi kikapotea. Gharama haikufika Sh200, na nauli ndiyo ilikuwa kubwa.

Kwangu mimi shida ilikuwa ukutani. Nilizima swichi kuu, nikafungua soketi. Tundu tatu mbele, waya mbili nyuma. Waya wa ardhi haukuwepo kabisa. Chaja yangu ina kapasita za kuondoa kelele zinazotegemea huo waya, na usipokuwepo, bodi ya laptopu inaelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo ni mdogo mno, ila unausikia. Ile washawasha kwenye vidole ukipapasa chuma cha laptopu inayochaji, wengi wetu tunaijua. Tulidhani ni kawaida. Inapita kwenye waya wa USB, inaingia kwenye intafesi, na hakuna transfoma ya Sh32,000 inayoizuia, kwa sababu haipitii huko.

Nilishuka kwa mwenye ploti. "Mathe, soketi yangu haina waya wa ardhi."

"Kwani haiwaki, kijana?"

"Inawaka, lakini siku hita ya maji ikiharibika, mtu atashikwa na stima."

"Hao wengine mbona hawajalalamika?"

Hawajalalamika kwa sababu hakuna anayewauzia waya wa ardhi. Hauna taa ya buluu. Huku wauzaji mnatufundisha kusikia mate ya msanii, na kwenye ploti yetu kuna bedsita ishirini na nne, kila moja na soketi mbili. Mimi nimefungua moja tu, na kwa sasa narekodi laptopu ikiwa kwenye betri.