Injini ya Mbio Hujengwa kwa Kipimo

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja hii: "Kufunga injini za motokaa za mashindano nyumbani ni kupoteza wakati na mali." Waliounga mkono hoja walishinda kwa kura nyingi, na ukumbi mzima ulicheka uliposikia habari za mtu anayefunga injini juu ya meza barazani kwake. Mimi sikukubali siku ile, na hata leo sikubali. Kwa kuwa muda wa kusema ulikuwa mfupi, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze sababu zangu.

Kwanza yafaa tujue ni injini gani ninayoisema. Ni ile ya Volkswagen, motokaa ndogo yenye mgongo kama wa kobe. Injini yake hukaa nyuma. Ina silinda 4 zilizolala, mbili kuume na mbili kushoto. Haina maji wala rejeta, bali hupozwa na upepo wa feni pamoja na oili. Motokaa ya mwisho ya aina hiyo ilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, mwaka 2003, lakini injini zake zingali zikifungwa majumbani katika nchi nyingi, maana si nzito sana na vipande vyake ni vichache. Mjomba wangu hapa Uganda anayo moja ya mashindano, nami nimemsaidia kazi hiyo katika likizo mbili.

Wapinzani wangu walisema kwamba mambo haya ni ya viwanda vikubwa vya Ulaya, wala hayatuhusu sisi. Ni kweli kwamba Porsche walishinda mbio za Le Mans mwaka 1970 na 1971 kwa injini ya silinda 12 iliyopozwa kwa hewa, na hiyo haikufungwa barazani. Lakini tusisahau mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda mwaka 1954 ikiendeshwa na Vic Preston, ikashinda tena 1957 na 1962. Siku zile motokaa za aina hiyo zilitoka kiwandani na nguvu za farasi zisizozidi 40. Hazikushinda kwa nguvu. Zilishinda kwa sababu zilifika. Basi mtu asituambie kwamba injini hii ni ngeni katika barabara zetu.

Walisema pia kwamba kufunga injini ni kukaza nati tu, kazi isiyohitaji akili. Hapa ndipo ninapobishana nao hasa.

Chukua injini ambayo kipenyo cha silinda zake ni milimita 90.5, na pistoni husafiri milimita 69. Piga hesabu, utaona kwamba silinda moja ina sentimita za ujazo 444 hivi, na zote nne 1776. Sasa fundi hujaza chumba cha kuchomea mafuta kwa bureti, kama ile tunayoitumia katika maabara ya kemia, aone kinapokea kiasi gani. Tuseme ni sentimita za ujazo 50. Halafu hupima pistoni ikiwa juu kabisa imebaki chini ya ukingo wa silinda kwa kiasi gani. Ikibaki milimita 1, mgandamizo wa injini ni kama 8.9 kwa 1. Ikibaki milimita moja na nusu, mgandamizo hushuka hadi 8.4. Nusu milimita, unene wa kucha, yabadili tabia ya injini nzima! Mgandamizo ukiwa mdogo mno, nguvu hupotea. Ukizidi mno kwa petroli ya kawaida, injini hugonga, joto hupanda, na pistoni huweza kutoboka. Fundi hurekebisha jambo hilo kwa pete nyembamba za chuma chini ya silinda. Je, hiyo si hesabu? Je, hiyo si sayansi?

Au tazama uzito. Injini ya Volkswagen ya kawaida ya 1600 hutoa nguvu zake zote ikizunguka mara 4,000 hivi kwa dakika, lakini ya mbio huzungushwa 6,000 na zaidi. Katika mwendo wa 6,000 pistoni hufika juu mara 100 kwa sekunde moja, na kila mara husimama na kugeuka. Kwa vipimo nilivyotaja, kila gramu ya pistoni huvuta wakati huo kwa nguvu ya kilo moja na robo tatu hivi. Pistoni moja ikiwa nzito kuliko mwenziwe kwa gramu 10, tofauti hiyo huwa mvuto wa kilo 17. Ndiyo maana mjomba hupima pistoni na konrodi zote kwa mizani, akazisugua polepole mpaka zilingane. Mwalimu wetu wa fizikia akitufundisha mwendo wa duara, wengi husinzia. Mtu aliyekwisha shika pistoni hasinzii.

Tena yako mambo ya joto. Shafti kuu ya injini huachiwa nafasi ya kusogea mbele na nyuma milimita 0.07 hadi 0.13, basi. Ikibanwa zaidi, chuma kikivimba kwa moto itakwama. Ikiachiwa zaidi, itapigapiga kasha la injini mpaka liharibike. Vilevile yale mabati yanayofunika silinda hayakuwekwa kwa urembo. Wako vijana wanaoyang'oa ili injini ing'ae ionekane. Kumbe ndiyo yanayoongoza upepo wa feni na kuzuia hewa ya moto isirudi juu. Hata kiwanda chenyewe kilijifunza. Zamani kipoza oili kilisimama katika njia ya upepo wa silinda ya 3, nayo ikawa na moto kuliko wenzake; katika injini za toleo la 1971 kikahamishwa mahali pake peke yake.

Hoja yao iliyokuwa na uzito ni hii: kwamba kazi hii huzaa vijana wanaokimbiza motokaa barabarani na kuua watu. Siidharau hata kidogo. Mwenye kufanya mbio katika njia ya watoto waendao shule ni mkosaji, awe na injini ya namna gani. Lakini kelele na majivuno huletwa zaidi na mtu aliyenunua nguvu asizozijua. Aliyekaa usiku kucha akipima nafasi isiyofika unene wa ukurasa huu anajua chuma hubeba nini na huvunjika lini, na mahali pa kukijaribia ni uwanja wa mashindano. Na gharama je? Ni kweli, vipuri vinatoka mbali na bei ni kubwa. Mtu asiguse karo ya watoto kwa ajili ya mbio. Mjomba amekusanya vipande vyake kimoja kimoja.

Sisemi kila mwanafunzi awe fundi wa mbio. Ninaloomba ni dogo: shule yetu itafute injini moja mbovu ya namna hii, iwekwe katika chumba cha sayansi, nasi turuhusiwe kuifungua, kuipima na kuifunga kila Jumamosi. Hata isipowaka, tutakuwa tumejua kwamba hesabu za kitabuni zina chuma ndani yake.

Ndugu zangu mlionishinda kwa kura, nawaalika siku hiyo mje na mikono mitupu. Waliokwisha jifunza subira kwa injini ya mbio watakuwa wa kwanza kuwaambia: haraka haraka haina baraka.