Presha haina habari na ukakamavu wako

Ndugu msomaji, huku Ntobeye, wilayani Ngara, kwenda shamba au kisimani ni kupanda na kushuka vilima. Ndiyo maana utamsikia mtu akisema: "Mimi napandisha baiskeli yenye mikungu ya ndizi mpaka juu, presha itanipatia wapi? Huo ni ugonjwa wa watu wa mjini." Kwa maoni yangu, kauli hii ni ya hatari, na ni vyema tuelezane sababu.

Moyo ni msuli, na seli za msuli huo zina hisi. Damu inapojaa moyoni, seli huvutika. Katika utando wake mna vijilango ambavyo hufunguka vinapovutwa na kuingiza madini kama kalsiamu. Mwaka 2021 Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, Lebanon, alikuwa mmoja wa wanasayansi wawili waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba. Yeye aligundua vijilango vya namna hiyo vinavyohisi mguso na mgandamizo.

Seli zikishahisi mzigo, hujibu. Kwanza, hujikaza kwa nguvu zaidi. Pili, vyumba vya juu vya moyo vikivutika sana hutoa homoni inayoziamuru figo zitoe chumvi na maji kwa njia ya mkojo. Jambo hili lilidhihirika mwaka 1981 kwa utafiti wa Adolfo de Bold na wenzake nchini Kanada. Basi unapozidisha chumvi mezani, unaurudishia moyo mzigo ule ule unaojitahidi kuutua.

Tatu, mzigo usipokwisha, seli hunenepa. Hapa ndipo penye tofauti. Ukifika juu ya kilima unapumzika, na moyo nao unapumzika. Presha haipumziki, inausukuma moyo usiku na mchana, hata umelala. Ukuta wa moyo huwa mnene na mgumu, damu ya kuulisha haitoshi, makovu hujitokeza, na mwisho moyo huchoka. Miaka yote hiyo huenda usihisi maumivu yoyote, na baiskeli ukaendelea kuipandisha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kujisikia mzima si kipimo. Kipimo ni mashine ya presha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya kupanda. Ukipewa dawa usiiache kwa kuwa umejisikia nafuu. Ukiitumia ipasavyo, unene ule wa moyo unaweza kupungua. Anayetaka kufunga amuone daktari kabla ya Ramadhani ampangie saa za dawa. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo ndani ya vyakula.

Nashauri viongozi wa misikiti yetu wamuombe mhudumu wa zahanati aje na mashine mara moja kwa mwezi baada ya swala ya Ijumaa, wapimwe wanaume na wanawake. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mtu. Tusisubiri mpaka mtu aanguke shambani ndipo tuulize alikuwa na nini.