Tuzunguke lupango bila jembe

Wakulima wenzangu, asubuhi, mbele ya kushika jembe, zungukeni lupango kwanza. Umande uko juu ya majani ya sombe, ndege wanafuma viota kwenye mti wa ngazi, safu zinaanza kugeuka zambarau. Kuangalia hailipishwi hata franka moja.

Wengine wanasema ni kupoteza saa. Mimi nakataa. Mama mmoja wa barabara ya Buta alinionyesha muhogo wenye majani ya madoa ya njano: “Agronomu, huu njo unapendeza kuliko yote!” Kumbe ni mozaiki, ugonjwa unaobebwa na nzi weupe wadogo sana. Tukazunguka pamoja, tukatafuta mihogo ya kijani tupu, tukaifunga kamba. Mbegu ya msimu ujao atakata paka pale.