Msiwacheke wazee wanaosalimiana simuni

Yamkini unaye mama, baba, shangazi au mjomba ambaye kila alfajiri, kabla hata hajatoka kitandani, huwa amekwisha kuwatumia marafiki zake picha ya waridi na maneno "Amkeni salama". Yamkini wewe pia ni mmoja wa wale wanaocheka jambo hilo. Unasema mzee ametekwa na simu, na kwamba bando ulilomnunulia linaishia kwenye upuuzi. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, na wengi wa wagonjwa wangu wamepita umri wa miaka 60. Nakuomba uache kucheka, kwani ile picha ya waridi ina kazi ambayo tembe zangu haziwezi kuifanya.

Hebu nikueleze ninayoyaona. Kuna mzee anayekuja kliniki kila baada ya wiki mbili. Leo ni mgongo, juzi ilikuwa moyo kwenda mbio, na kabla ya hapo usingizi ulikuwa umempotea. Tunapima damu, tunapima mkojo, tunapima presha, na majibu yanarudi mazuri kuliko ya kijana aliyemsindikiza. Siku hizi, kabla sijaandika dawa, huwa namuuliza swali moja: jana ulizungumza na nani? Wengine hufikiri kwa muda mrefu. Mmoja alinijibu kwamba alizungumza na kijana anayemletea maziwa, kisha akakumbuka kuwa hiyo ilikuwa siku iliyotangulia.

Si kwamba wazee hawa wametupwa. Wana watoto Nairobi, Mombasa, Qatar na Marekani, nao watoto hutuma pesa kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Pesa hizo ni njema na Mungu awabariki wanaozituma. Lakini pesa hazimuulizi mtu amelalaje.

Usidhani hili ni jambo la hisia tu. Mnamo Novemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume maalumu ya kushughulikia upweke, na ripoti ya tume hiyo iliyotolewa Juni 2025 ilisema kuwa mtu mmoja kati ya kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo, mwaka wa 2010, wataalamu walikusanya pamoja tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 308,000. Waligundua kwamba wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa bado hai mwishoni mwa utafiti kuliko wale wasio nao. Nchini Kenya, sensa ya 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Fikiria ni wangapi kati yao wanaokunywa chai peke yao asubuhi ya leo.

Isitoshe, tabia hii ya kusalimiana kwa mbali haikuletwa na simu. Wazee wetu wa leo ndio waliokuwa vijana enzi za Sauti ya Kenya. Ndio walionunua kadi za salamu, wakaziandika majina kwa kalamu ya wino, wakazipeleka posta, kisha wakakaa kando ya redio wakisubiri mtangazaji awataje wao na watu wao wote, kutoka Kakamega hadi Voi. Walikuwapo hata walioanzisha urafiki na watu ambao hawajawahi kuwaona, kwa sababu tu majina yao yalisomwa pamoja. Basi mtu wa namna hiyo akipewa simu unatarajia afanye nini? Anafanya kile alichokifanya mwaka wa 1975, ila sasa majibu hayachelewi.

Kuna mwalimu mstaafu wa huku Njoro, mwenye umri wa miaka 73, ambaye kwa ruhusa yake nitakusimulia mambo ya kundi lake la WhatsApp. Lina watu 19, wote waliosoma chuo kimoja cha ualimu. Lilianza mwaka wa 2020, wakati wa korona, makanisa yalipofungwa na mazishi yakawa ya watu wachache. Nilimuuliza huwa wanazungumza nini. Alicheka, akasema, "Daktari, hakuna." Kisha akaniambia hiyo hakuna. Mmoja hutuma picha ya kunde zake kila zinapochanua. Mwingine hutoa kitendawili saa nne, wakati wa chai, na jibu halitolewi mpaka jioni, hata mtu alie. Kuna mabishano yasiyokwisha kuhusu Gor Mahia na AFC Leopards ya miaka ya sabini, na mengine kuhusu jina la mpishi wao wa chuoni, ambayo yamedumu miaka miwili na hayana dalili ya kuamuliwa. Mama mmoja aliyeko Taita huwa haandiki kwa sababu vidole vina baridi yabisi, kwa hiyo hurekodi sauti, na katika kila ujumbe wake kuku wanasikika. Wenzake wanawafahamu kuku hao kwa majina.

Ukilitazama kwa haraka, hilo ni soga tupu. Mimi naliona kama daktari. Naona mtu ambaye ana sababu ya kuamka, ambaye akili yake inakumbuka, inabisha na kufumbua mafumbo, na ambaye bado anaitwa kwa jina lake la ujana na watu wasiomhesabu kuwa mgonjwa. Kwa watoto wake yeye ni mzee wa kisukari. Kwa wale 18 yeye ni yule aliyekuwa golikipa.

Lakini kazi kubwa ya salamu hizo ni nyingine. Mwalimu wangu aliniambia kwamba kila mtu akishasalimu, wengine wanajua kimya kimya kuwa yuko. Ikifika saa tatu na mtu mmoja hajaonekana, kuna anayempigia. Asipopokea, kuna anayempigia jirani yake. Hivi ndivyo alivyookolewa mwenzao mmoja, mjane anayeishi peke yake, ambaye alikuwa ameanguka usiku akielekea msalani na nyonga ikavunjika. Hakuweza kufika kwenye simu, wala hakuna aliyemsikia.

Nataka uelewe hatari ya jambo hilo. Mzee akianguka, mara nyingi kinachommaliza si mfupa peke yake. Ni yale masaa anayolala sakafuni. Hata baada ya saa moja tu, misuli iliyogandamizwa na uzito wa mwili huanza kuharibika, na uchafu unaotoka humo huingia katika damu na kwenda kuziumiza figo. Ngozi ya makalio na kisigino hufa. Maji humwishia mwilini, na baridi ya huku kwetu, hasa mwezi wa Julai, hufanya mengine. Aliyepatikana saa tatu asubuhi na aliyepatikana kesho yake jioni ni wagonjwa wawili tofauti kabisa, ingawa wameanguka kwa namna moja. Tunasema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na ni kweli, lakini hapa rafiki aliyekuwa Taita ndiye aliyemwamsha jirani wa karibu.

Sauti nayo ina faida yake. Mtu anayekusikia kila siku atatambua siku ulimi wako unapokuwa mzito na maneno yanapovutana. Hiyo huenda ikawa dalili ya kiharusi, pamoja na mdomo kwenda upande na mkono kukosa nguvu. Ikitokea hivyo msitumiane dua kwanza. Mtu apelekwe hospitali kubwa upesi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na muda huo huisha upesi.

Sasa niseme lile linaloharibu makundi haya, nalo linatoka kwetu wenyewe. Ni michango. Kundi huanza na soga na vitendawili. Baada ya mwaka mmoja linakuwa na mweka hazina. Leo ni mazishi, kesho ni bili ya hospitali, keshokutwa ni harusi ya mjukuu wa mtu, na orodha ya waliotoa inabandikwa kila jioni, jina na kiasi. Sipingi harambee; nimeona wagonjwa wakitibiwa kwa mchango wa wenzao. Lakini mtie akilini mzee anayetegemea zile shilingi 2,000 za Inua Jamii kwa mwezi, anayesoma orodha hiyo na kuona kila jina isipokuwa lake. Hatasema hana. Atanyamaza. Ataacha kusalimu asubuhi kwa kuwa anaona haya kusalimu watu anaowadai radhi, na mwishowe atajitoa kundini usiku wakati wengine wamelala.

Angalia basi kilichotokea. Mwanzoni kimya cha mtu kilikuwa na maana moja: kuna jambo, mpigieni. Sasa kina maana mbili, na wenzake watachagua ile isiyo na heri, kwamba huyu anakwepa mchango. Siku atakapoanguka msalani, hakuna atakayepiga simu. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba michango iwe na kundi lake, lenye watu wake na orodha yake, na kundi la soga libaki la soga tu. Wazee wenyewe ndio wa kuamua hivyo, na nimeshangaa jinsi wanavyokubali upesi mmoja akishathubutu kulisema.

Kuhusu dawa za uongo zinazozunguka humo sitakawia. Ni kweli nimepata wagonjwa walioacha tembe za presha kwa sababu ujumbe ulisema kitunguu saumu na ndimu vinatosha. Presha haiumi, kwa hiyo mtu hujiona amepona mpaka siku mshipa unapopasuka. Ujumbe wa WhatsApp ukiwa na mishale miwili juu yake, ujue umesambazwa mara nyingi na aliyekutumia siye aliyeuandika. Usibadilishe dawa kwa sababu yake, uje nao kliniki tuusome pamoja. Nambari ya siri ya M-Pesa haiandikwi popote, hata kwa rafiki wa miaka 50. Na simu ilale saa nne usiku kama mwenyewe, kwa maana usingizi nao ni dawa.

Wewe mwana au mjukuu una la kufanya, na si gumu. Wazee wengi wanaodaiwa kuwa wamechoka na simu hawajachoka, hawaoni. Nilimpima mama mmoja aliyeacha kuwajibu wenzake, watoto wake wakidhani anaanza kusahau, nikamkuta na mtoto wa jicho pande zote mbili. Alifanyiwa upasuaji na akarudi kubishana. Mpeleke mzee wako apimwe macho na masikio. Wataalamu wa jarida la Lancet, katika ripoti yao ya mwaka wa 2024, walitaja mambo 14 yanayoongeza uwezekano wa kupoteza kumbukumbu uzeeni ambayo yanaweza kurekebishwa, na miongoni mwayo ni kutosikia vizuri, kutoona vizuri kusikotibiwa, na kutengwa na watu. Mkuzie maandishi ya simu. Mfundishe kurekodi sauti, umfundishe mara tano bila kupumua kwa nguvu. Mwekee bando kama unavyomnunulia sukari. Na tafadhali, usiombe kuingizwa katika kundi lao. Hakuna anayeweza kusema ukweli kuhusu mpishi wa chuo huku mwanawe anasoma.

Kwa wazee ambao simu yao ni mulika mwizi, hakuna kilichopotea. Nawajua akina mama watatu wa Subukia ambao kila asubuhi humpigia mwenzao na kukata kabla hajapokea. Wa kwanza humpigia wa pili, wa pili wa tatu, na wa tatu huirudisha kwa wa kwanza. Haiwagharimu hata senti. Alhamisi hukutana sokoni kuyazungumza yale ambayo simu haikuyasema, na hapo nadhani wanawazidi wengi wenye simu kubwa.

Kwa hiyo kabla hujatuma pesa za mwezi huu, mpigie mzee wako na umuulize ni nani humsalimu kwanza kila asubuhi. Mwombe nambari ya rafiki huyo. Kisha mtumie rafiki huyo nambari yako, nambari ya jirani aliye karibu na lango la mzee, na ya mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu.